Kukanda Watu kwa Ajira Jijini Nairobi: Mwongozo kwa Anayeanza

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba kazi yako ni kukanda watu, atakupokea kwa namna moja kati ya mbili. Wa kwanza atashika bega lake papo hapo na kukuonyesha panapouma. Wa pili atacheka kichinichini, kwa sababu ameona vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme vikiwa na neno "masaji" na namba ya simu, naye anajua, au anadhani anajua, kinachouzwa pale. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumhudumia yule wa kwanza, na ambaye siku moja atalazimika kumjibu yule wa pili. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, kwanza nikiwa mwajiriwa wa spa na baadaye nikijitegemea, na ninachomweleza kila ninayemfundisha ni kwamba sehemu ngumu ya ukandaji hutangulia mguso wenyewe: maswali unayouliza, mipaka unayoitaja mapema, na ujasiri wa kumwambia mteja aliyekuja na pesa mkononi kwamba leo hutamkanda.

Mafunzo na vyeti

Ukandaji si jambo geni kwetu. Pwani wapo wanaosingwa kwa mafuta yenye manukato kabla ya harusi, na bara wapo akina nyanya waliomkanda mzazi kwa maji moto siku baada ya siku tangu alipojifungua. Ujuzi huo una thamani yake, nami nimewaona waliorithi mikono mizuri kuliko wengi waliosomea. Hata hivyo, mwajiri wa Westlands au Karen atataka kuona cheti, na mteja aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo ana haki ya kujua kwamba unaufahamu uti wa mgongo kwa zaidi ya kuupapasa.

Tafuta chuo kilichosajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi nchini, na kabla ya kulipa karo uliza mambo mawili: utakanda watu halisi kwa saa ngapi chini ya uangalizi wa mwalimu, na kama anatomia inafundishwa kwa kina au inapitiwa kwa picha chache za misuli. Chuo kinachokuahidi cheti cha masaji kwa siku tano kinakuuzia karatasi. Ikiwa ulijifunza kazini na huna cheti chochote, fahamu kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA, hutahini mafundi wa fani mbalimbali, ikiwemo ya urembo, kuanzia Daraja la Tatu hadi la Kwanza, na waajiri wengi huutambua mtihani huo. Ongeza kozi fupi ya huduma ya kwanza, ambayo Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa. Omba pia cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mapema, kwa sababu hoteli na spa kubwa hukiulizia hata kabla ya kukuita kwenye mahojiano.

Usijiite mtaalamu wa fiziotherapia kama hukuisomea. Kazi hiyo inasimamiwa na sheria yake ya mwaka 2014 na ina baraza linalosajili na kutoa leseni. Mkandaji hulegeza misuli, hupunguza maumivu ya uchovu na humtuliza mtu; hapimi ugonjwa, harudishi mfupa uliotoka mahali pake, na haandiki kwenye bango lake kwamba "anatibu diski".

Chuoni utafundishwa kwanza mtindo uitwao wa Sweden, ambao historia yake inachekesha kidogo. Jina linatokana na Per Henrik Ling, Msweden aliyeanzisha taasisi ya mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, ilhali miguso yake mitano ina majina ya Kifaransa ambayo kwa kawaida huhusishwa na daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger. Nasi tunaufanya Kilimani kwa mafuta ya nazi. Kwa Kiswahili miguso hiyo haihitaji jina la kuazima: kuna kupapasa kwa kuteleza, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutetemesha. Anayejua kukanda unga wa chapati ameshauelewa mguso wa pili, maana nguvu hutoka mabegani na kiunoni, wala si vidoleni.

Chumba na vifaa

Kitanda cha kukandia ndicho kifaa cha kutumia pesa bila kinyongo. Chagua kinachopanda na kushuka, chenye upana wa sentimita 70 hivi na tundu la kuwekea uso, kisha kipime kwa mwili wako: simama kando yake mikono ikining'inia, ukunje ngumi, na vifundo vya ngumi viguse juu ya kitanda. Kikiwa juu zaidi utainua mabega siku nzima. Kikiwa chini utainama mpaka mgongo wako ndio uwe wa kukandwa. Mkandaji mrefu na mfupi wanaotumia kitanda kimoja wakubaliane kukirekebisha kila wanapobadilishana, hata kama mteja anasubiri.

Kuhusu mafuta, ya nazi yanapendwa na ni rahisi kuyapata, lakini huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai hapa Nairobi hushuka mbali zaidi ya hapo. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji moto dakika kumi kabla ya mteja kufika. Mafuta ya alizeti na ya parachichi hayana usumbufu huo. Epuka ya lozi au ya karanga mpaka uwe umeuliza kuhusu mzio. Mafuta ya manukato kama ya mchaichai au lavenda hayapakwi bila kuchanganywa: matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya kawaida yanatosha, na kwa mjamzito ni heri uyaache kabisa. Tumia chupa yenye pampu au yenye mdomo mwembamba, kwa sababu vidole vinavyorudi tena na tena ndani ya kopo huhamisha uchafu wa mteja mmoja kwenda kwa mwingine.

Kila mteja apate shuka safi, taulo safi na kitambaa kipya cha uso. Taulo zenye mafuta zifuliwe kwa maji moto siku hiyohiyo, la sivyo mafuta huoza kwenye nyuzi na chumba kizima hunuka mafuta yaliyochacha, harufu ambayo hakuna udi unaoishinda. Kama unatumia mashine ya kukaushia, zitandaze zipoe kabla ya kuzikunja, kwani pamba yenye mabaki ya mafuta ikirundikwa ingali moto inaweza kushika moto yenyewe. Uwe na mitungi ya maji kwa siku za mgao, na taa ya kuchaji kwa jioni ambayo umeme utapotea mteja akiwa amelala kifudifudi. Atakachokumbuka kuhusu jioni hiyo ni kama ulitulia au ulianza kuhangaika gizani.

Maswali kabla ya kugusa

Tenga dakika kumi za mazungumzo, mteja akiwa bado amevaa nguo zake na mmeketi kwa usawa. Wengi wataona unawapotezea muda. Waambie kwamba dakika hizo hazikatwi kwenye saa yao, na hakikisha kweli hazikatwi. Uwe na fomu fupi, lakini usimkabidhi mtu fomu na kuondoka, kwani mteja wa Nairobi hujaza "hapana" kote ili amalize. Uliza kwa mdomo. Anatumia dawa gani? Amewahi kufanyiwa upasuaji au kuvunjika mfupa? Ana shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu (sickle cell)? Kama ni mwanamke, je, anaweza kuwa mjamzito? Ngozi yake ina jeraha, choa, upele, jipu? Alilala vipi, anafanya kazi gani, na ni jambo gani lililomfanya apige simu leo badala ya wiki iliyopita? Swali hilo la mwisho limenisaidia kuliko yote.

Kazi ya mtu husomeka mwilini mwake, na ukiijua utajua pa kuanzia. Dereva wa matatu hubadilisha gia kwa mkono wa kushoto siku nzima na kukanyaga breki kwa mguu wa kulia, hivyo bega la upande mmoja na nyonga ya upande wa pili huzungumza kwa pamoja. Kondakta anayening'inia mlangoni huja na mkono mmoja uliokaza kutoka kiganjani hadi shingoni. Mama mboga aliyebeba magunia Marikiti alfajiri ana kiuno kigumu, mlinzi wa usiku ana nyayo zilizochoka, na mhasibu wa Upper Hill anayedai kwamba "kichwa tu ndicho kinauma" mara nyingi ana misuli ya nyuma ya shingo iliyokaa kama kamba ya kuanikia nguo.

Yapo majibu yanayokuzuia kumkanda mtu kabisa siku hiyo: homa, maambukizi ya ngozi yaliyoenea, jeraha bichi, mfupa unaoshukiwa kuvunjika, ulevi, na maumivu makali yaliyoanza ghafla bila sababu. Yapo yanayokuruhusu kuendelea kwa tahadhari au baada ya daktari kuridhia. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, anayetibiwa saratani na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande ni wa kundi hili, na huyo wa mwisho hapaswi kukandwa kwa nguvu hata akiomba, maana huvilia damu kwa urahisi. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda ana ganzi miguuni. Ukimwuliza kama unamwumiza atasema hapana kwa sababu hahisi, kwa hiyo angalia ngozi yake kwa macho na upunguze nguvu bila kuambiwa. Mwenye selimundu asikandwe wakati wa maumivu. Mama mjamzito alazwe kwa ubavu, wa kushoto ikiwezekana, akiegemezwa mito mgongoni na katikati ya magoti, kwani mimba inapokua, kulala chali kwa muda mrefu huufanya mfuko wa uzazi uubane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Mgando wa damu mguuni ndio ninaousisitiza zaidi, kwa sababu unafanana na uchovu wa kawaida. Wakati fulani alinijia mama mmoja aliyetoka Mombasa kwa basi la usiku, akiomba nimkande shavu la mguu wa kushoto lililokuwa linamvuta. Nilipoweka miguu yake sambamba niliona wa kushoto umevimba kuliko mwenzake, na ngozi yake ilikuwa na joto na wekundu. Nilimwambia, "Mama, mguu huu siugusi. Twende hospitali kwanza." Alikasirika, akasema wenzangu wangemkanda bila maneno mengi. Jioni alinipigia simu kutoka wodini. Kulikuwa na mgando. Kuukanda mguu kama huo kunaweza kuung'oa mgando ukasafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, upelekwe hospitali.

Unachoandika kuhusu afya ya mteja kinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayohesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Funga daftari kabatini. Usimpige mteja picha, usitaje jina la mtu mashuhuri aliyekutembelea, na usimsimulie mke mgongo wa mume wake.

Saa moja juu ya kitanda

Mwonyeshe mteja pa kuweka nguo na namna ya kujifunika kwa shuka, mwambie avue kiasi anachoridhia yeye mwenyewe, kisha toka chumbani. Bisha hodi kabla ya kurudi, hata kama unajua yuko tayari. Kuanzia hapo sehemu inayokandwa ndiyo pekee inayofunuliwa. Mteja Mwislamu wa Eastleigh au South C, na wengine wengi, wanaweza kutaka mkandaji wa jinsia yao. Waulize wakati wa kupanga miadi ili wasiaibike mlangoni.

Nawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, vua pete na saa, na kata kucha mpaka zisionekane ukitazama kiganja. Anza kwa kuweka viganja viwili juu ya shuka, mgongoni, bila kusogea, kwa pumzi tatu au nne za mteja. Anayeingia ametoka kwenye msongamano wa Waiyaki Way akipigiwa honi; mwili wake unahitaji kuambiwa kwamba umefika. Pasha mafuta viganjani mwako, kamwe usiyamiminie mgongoni. Kijiko kimoja hutosha mgongo mzima, na anayetumia mengi hushindwa kushika msuli.

Mgongo upewe karibu nusu ya muda. Teleza kutoka kiunoni hadi mabegani kwa viganja vilivyolala, ukipita pande mbili za uti wa mgongo bila kuugandamiza mfupa wenyewe, na urudi kwa wepesi ubavuni. Rudia mara tano au sita ukiongeza uzito kidogo kidogo. Hapo ndipo mikono yako inapouliza: wapi pana joto, wapi pamekaza, wapi mteja anazuia pumzi. Baada ya hapo kanda mabega kwa kuyainua na kuyaminya kwa zamu, kisha tafuta vifundo vya misuli iliyokaza kati ya mfupa wa bega na uti wa mgongo. Ukikipata kifundo usikivamie. Weka kidole gumba kilichotegemezwa na mkono wa pili, au kiwiko kwa mteja mwenye misuli minene, zama polepole mpaka uhisi ukinzani, subiri hapo sekunde 20 au 30, na utausikia msuli ukiachia. Kusugua kwa kukata mkondo wa nyuzi za msuli kunafaa baada ya hapo.

Mwombe mteja ataje nguvu kwa namba, moja hadi kumi, na ukae kati ya tano na saba. Wapo watakaodai tisa kwa kuamini kwamba masaji isiyoliza si masaji. Ukweli ni kwamba msuli unaoumizwa hujikaza kujilinda, na kesho yake mteja huamka na maumivu unayolaumiwa wewe. Kumbuka pia kwamba wazee wetu hawalalamiki. Usingoje mzee wa miaka 70 akwambie unamwumiza. Muulize, "Mzee, nipunguze kidogo?" na utazame vidole vyake vya miguu: vikikunjamana, umezidisha.

Pita kwa tahadhari penye mishipa iliyo karibu na ngozi: mbele ya shingo, kwapani, ndani ya kiwiko, kwenye nyonga kwa mbele na nyuma ya goti. Chini ya mbavu kwa nyuma, zilipo figo, usipigepige wala usigandamize. Miguu, mikono, shingo na kichwa hufuata, na mpangilio wake utaujifunza haraka. Mimi humalizia kichwani, wengine humalizia nyayoni, na sijaona tofauti ya kugombania.

Ukimaliza, mwambie mteja asiinuke ghafla. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kwani shinikizo la damu hushuka mtu akilala kwa utulivu na baadhi hupata kizunguzungu. Mwambie kwamba anaweza kuhisi misuli ina maumivu kidogo kwa siku moja au mbili. Mpe maji kwa ukarimu, lakini usimwambie kwamba unamwondolea sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo, na mteja aliyesoma kidogo akikusikia ukidai hivyo ataanza kutilia shaka hata uliyoyasema ukiwa sahihi.

Kumjibu yule wa pili

Simu itakuja, mara nyingi usiku: "Mnatoa na zile huduma zingine?" Usitukane, usitoe mahubiri, na usicheke ukidhani unapunguza aibu, maana kicheko husikika kama mlango ulioachwa wazi. Jibu sentensi moja: "Tunatoa masaji ya kutuliza mwili na ya misuli pekee." Akirudia swali, kata simu na uihifadhi namba hiyo ili usiipokee tena kwa bahati mbaya. Tangazo lako nalo liseme vivyo hivyo: jina la biashara, jengo linalojulikana, saa za kazi zinazoishia jioni, bei kwa dakika, na picha ya chumba badala ya picha ya msichana anayetabasamu.

Ndani ya chumba, mlango usifungwe kwa ufunguo. Mteja akikugusa au akitoa matamshi machafu, ondoa mikono, rudi nyuma hatua mbili, na useme kwa sauti ya kawaida, "Kipindi kimekwisha. Tafadhali vaa, nitakuwa nje." Kisha toka. Malipo yanabaki palepale. Andika tarehe, saa na maneno yaliyotumika, kwa sababu kitendo cha aibu ambacho hukukiridhia ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na kumbukumbu ya siku ileile ina uzito polisi. Mwajiri anayekuambia umvumilie mteja kwa kuwa analipa vizuri anakueleza jinsi atakavyokutetea siku ya shida, nawe umsikilize vizuri. Mipaka inakubana na wewe vilevile: usimwombe mteja mkopo, usimpigie simu usiku, na usianze uhusiano naye wakati angali anakuja kitandani pako.

Kwenda nyumbani kwa wateja

Hapa kuna pesa nzuri na hatari zaidi. Mteja mpya umkutane kwanza kazini kwako au aletwe na mtu unayemfahamu. Omba nusu ya malipo mapema kwa M-Pesa, jambo ambalo pia hukuonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba yake. Mtumie rafiki mahali unapokwenda na saa unayotarajia kutoka, na mkubaliane atakupigia saa hiyo. Beba kitambulisho, kwani walinzi wa lango watakiulizia. Uliza kama jengo lina lifti inayofanya kazi. Kitanda cha kubebeka huwa na uzito wa kilo 15 hivi, na ukishakipandisha ghorofa ya sita kwa ngazi, mikono inayomgusa mteja inatetemeka. Usikipakie kwenye bodaboda. Usipange Karen saa nane mchana na Kasarani saa kumi, wala usimwahidi mtu saa kamili jioni ya mvua ya Aprili.

Pesa

Spa nyingi hulipa kamisheni badala ya mshahara, au mshahara mdogo pamoja na kamisheni. Tuchukulie kwamba mteja analipa shilingi 3,000 kwa saa nawe unapata asilimia 35, yaani 1,050. Ukijitegemea ukakodi chumba kwa shilingi 800 kwa kila mteja, ukatumia 250 kwa mafuta na kufua, na 200 kwa mengineyo, unabaki na 1,750. Tofauti hiyo inavutia mpaka ukumbuke Jumanne zisizo na mteja hata mmoja. Ushauri wangu ni kuajiriwa kwa mwaka au miwili, ukipata mikono na majina, kabla ya kutoka.

Ukiajiriwa, dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inautaka kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na inakupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Mkataba utaje bakshishi ni ya nani. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo wateja walituma bakshishi pamoja na malipo kwenye namba ya Lipa na M-Pesa ya duka, na mwenye duka akaihesabu kuwa mapato yake kwa miezi minane; hapakuwa na mstari hata mmoja kwenye mkataba wa kumbishia.

Ukijitegemea, sajili jina la biashara kupitia eCitizen, chukua kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi, na uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Mapato yakifika shilingi milioni moja kwa mwaka unaingia kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mapato ghafi. Jilipie pia bima ya afya ya serikali, SHA, kwa sababu mkandaji aliyevunjika kidole hana kipato.

Mwili wako

Vidole gumba ndivyo vinavyokufa kwanza. Vitumie kwa kazi ndogo tu, na kwa nguvu tumia kigasha, kiwiko na ngumi, ukiwa umesimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma ili uzito wa mwili ndio usukume. Nyosha viganja na vigasha baada ya kila mteja, na acha robo saa kati ya mmoja na mwingine ya kubadilisha shuka, kunywa maji na kuketi. Wateja wanne au watano kwa siku wanatosha. Desemba, watu wakinunuliana zawadi za spa, mwenye duka atakuomba ufanye wanane, na utakubali siku moja ili ujue inavyokuwa. Tafuta mwenzako wa kubadilishana naye mikono: mimi na jirani yangu wa ghorofa ya juu hukandana kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, saa nzima kila mmoja, na fomu tunajaza.